Shukrani ya Rangi Mbichi

Kijiwe chenyewe si cha kuringia. Ni ubao mmoja mrefu uliotandazwa juu ya matofali mbele ya duka la fundi cherehani, pale mtaa unapokunja kona kabla ya kuteremka kwenda kwenye mtaro mkubwa. Ukikaa ncha, muombe Mungu mwenzako wa ncha ya pili asiinuke bila kuaga, vinginevyo utajikuta chali na kahawa yako kifuani. Wenyewe ni wanne. Yupo Birika, muuza kahawa, ambaye hajawahi kumnyima mtu kikombe wala kumnyima neno la kumchoma. Yupo Spika, fundi redio, aitwaye hivyo kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye kuigongea meza, ingawa meza yenyewe hana. Yupo Hakimu, ndiye mwenye duka la cherehani, bingwa wa kutoa hukumu kabla ya kusikia kesi. Na yupo Brashi, mpaka rangi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na weupe hadi kwenye kope, amechoka hoi, na ana furaha ya mtu aliyefanya kazi bure kwa kupenda mwenyewe.

— Utazameni mtaa ulivyotakata, akasema Brashi akipokea kikombe. Kijana asiye na adabu anaweza kuuposa.

— Umetakata, sikatai, Birika akajibu. Ila usiegemee ukuta, shati lako litabaki huko.

— Kwani rangi haijashika?

— Loo! Fundi ni wewe, unamuuliza muuza kahawa?

— Kuta zetu zina unyevu wa kurithi, ndugu yangu. Rangi inakaa juu juu kwanza, inajifikiria. Ikifika mchana itakuwa imekubali.

Spika akagonga ubao kwa kiganja.

— Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba wazo lilikuwa langu!

— Wazo lilikuwa lako, mgongo unaouma ni wangu, Brashi akasema, wote wakacheka.

Kweli mtaa ulikuwa umebadilika sura. Upande wote wa nyumba, kuanzia duka la Hakimu hadi nyumba ya mwisho kule bondeni, ambayo ni ya Brashi mwenyewe, kuta zilikuwa nyeupe toka juu hadi chini. Jambo hilo halikuwahi kuonekana. Miaka nenda miaka rudi nyumba za hapa zilivaa sketi: juu nyeupe, chini kahawia. Mgeni akiuliza anaambiwa ndio mtindo. Mtindo gani! Kila ikija mvua kubwa ule mtaro unafurika, maji yanaingia ndani bila hodi, na yakiondoka yanaacha ukutani mstari wa tope usiosugulika. Basi Brashi anapita na kopo la kahawia, anapaka mpaka juu kidogo ya mstari, na maisha yanaendelea. Huku juu kwa Hakimu sketi iliishia magotini. Kule chini kwa Brashi ilimfika kifuani.

Na walificha kwa sababu. Spika aliwahi kukaa mtaa mwingine, na siku moja walipita watu wapole wakamuuliza, maji huwa yanaingia? Akawajibu kweli, kwa upole uleule. Haukupita muda nyumba yake ikachorwa alama nyekundu, na nyuma ya alama likaja tingatinga. Alipohamia hapa akawasimulia wenzake, na tangu hapo mtaa mzima, mpaka watoto, ulijua jibu la kumpa mtu yeyote asiyejulikana: maji gani? Hapa pakavu! Watafiti wa manispaa walipopita waliambiwa hivyo nyumba hadi nyumba, wakashukuru, wakaenda zao. Kwenye ramani ya ofisi ya makazi mtaa huu ukawa mkavu kuliko mkate wa juzi.

Halafu akaja Mwanafunzi. Chuo kilikuwa kimempeleka ofisi ya makazi kwa mafunzo kwa vitendo, kusaidia kuandaa sera ya nyumba za bei nafuu zinazostahimili mvua na joto la siku hizi. Alikuja na kitambulisho shingoni na viatu vya kuazima, akapita mara moja, akapita mara ya pili, akizitazama zile sketi. Mara ya tatu akaingia kwa Brashi, akamkuta mama yake, ambaye mtaa mzima humwita Bibi na ambaye miguu ilishamgomea. Akakaa naye akimsaidia kuchambua mchele. Bibi hajui kudanganya na mchele mkononi. Akamwambia yote.

Brashi aliposikia, alijua kwisha habari, tingatinga liko njiani. Lakini yule binti alikuja hapa kijiweni kwa miguu yake, akawaamkia mmoja mmoja, akasema: "Baba zangu, nimeshajua. Ila sitaandika mpaka ninyi wenyewe mkubali." Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuwaomba ruhusa ya jambo lolote. Na hakuishia hapo. Ofisini alipewa kazi ya kulinganisha gharama za kuwahamisha watu na gharama za kuwainulia sakafu na kuwajengea msingi imara palepale walipo. Akaifanya, akaipeleka kwa wakubwa, akaitetea. Kikao kikapitisha: penye maji watu wasivunjiwe, wainuliwe, na mitaa ya kwanza ichaguliwe sasa. Siku aliyokuja kuwasomea maneno hayo hapa kijiweni, Hakimu alitoka nje na mkasi mkononi akalia mbele za watu. Brashi hakulia. Alikwenda nyumbani akamwambia mama yake, halafu akashindwa kula kwa furaha. Kesho yake wote wakampa binti ruhusa ya kuandika.

Tatizo lilibaki moja. Mkuu wa ofisi alikuwa ameitazama ripoti ya Mwanafunzi, akaitazama ramani, akasema mtaa huu hauwezi kuwa kwenye mitaa ya kwanza kwa sababu wenyewe walikana maji kwa vinywa vyao. Picha za kuta hakuzitaka. Alisema picha ya rangi ya kahawia ni picha ya rangi ya kahawia. Na akamwandikia msimamizi wa binti, mwalimu wa chuo, kwamba binti anaandika ndoto. Kwa hiyo leo msimamizi anakuja kuona kwa macho yake. Akiridhika, binti amefaulu na mtaa unainuliwa. Asiporidhika, binti anarudia mwaka, na mtaa unabaki na maji yake.

— Mimi nawaambia, akasema Spika, mwalimu wa chuo haangalii karatasi. Anaangalia usafi. Mwanafunzi akikaa mahali pachafu, alama zinashuka. Akikaa mahali pasafi, zinapanda. Ndiyo maana nikasema, tumsafishie mtaa! Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa mbona mwalimu ndiye anajitembeza? akauliza Birika.

— Usichafue hoja.

— Atakuja na suti, Hakimu akahukumu. Suti na tai. Nimeshaandaa sindano, akichanika kwenye msumari namshona palepale, bure. Hiyo nayo ni alama kwa binti yetu.

— Mimi nimesikia wanakuja na chombo, Birika akasema akipunguza sauti. Kinanusa. Kinanusa ukuta kinasema mvua ilinyesha lini, na mwenye nyumba alikuwa anafikiria nini.

— Acha hizo! akasema Hakimu.

— Haya. Siku kikikunusa utanikumbuka.

— Hiyo mvua yenyewe, akasema Spika, wanasema tabianchi, tabianchi. Mimi nimefungua redio maisha yangu yote, najua mambo ya mawimbi. Simu zimekuwa nyingi. Mawimbi yanagongana na mawingu, mawingu yanapasuka. Kila mtu akipiga simu moja, sisi tunapata ndoo moja.

— Kwa hiyo shemeji yako anayeongea kutwa nzima ndiye aliyetugharikisha? akauliza Birika.

— Sijataja jina la mtu.

— Mimi naona tuyaache maji yaje, akatoa hukumu Hakimu. Si wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi tusizibe! Serikali itujengee ukuta.

Brashi alicheka hadi kahawa ikamwingia puani. Aliwatazama wenzake, akautazama mtaa mweupe, akasikia moyo unamjaa. Tangu juzi walikuwa wakisugua kwa msasa na kupaka, wake kwa waume, kila nyumba na ndoo yake. Hakuna aliyeambiwa mara mbili. Ukimwambia mtu "ni kwa ajili ya Mwanafunzi," anatupa chini alichoshika anakuja.

— Jamani, akasema, mimi si mtu wa hotuba. Lakini huyu mtoto ametutendea ambalo watoto wetu wa kuzaa hawajatutendea. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Namshukuru na mama aliyemzaa.

— Sema tena, Birika akasema.

— Namshukuru mpaka basi.

Ndipo Mwanafunzi mwenyewe alipotokea konani, mkoba begani, anahema. Akafungua mdomo awaamkie. Akauona mtaa. Akasahau salamu.

— Ee, njoo, njoo mwanangu! Spika akasimama, na Hakimu aliyekuwa ncha ya pili akaponea chupuchupu. Unaona? Unaona mambo? Zawadi yako!

— Nani amepaka? akauliza Mwanafunzi polepole.

— Sisi! Wote! akasema Brashi. Mikono miwili ya rangi kila ukuta. Wa pili tumeumaliza sasa hivi. Mgeni wako asije akakuta mtaa una madoa.

Mwanafunzi akakaa kwenye ubao, taratibu. Aliitazama nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Brashi aliona macho yake yanajaa, akafikiri ni furaha, na yeye akataka kulia kidogo.

— Ahsanteni, baba zangu, akasema binti. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa hivi. Nasema kweli. Ila...

— Ila nini, mwanangu?

— Mwalimu alikuwa anakuja kuuona ule mstari.

Birika aliacha kugonganisha vikombe.

— Mstari upi? akauliza Hakimu, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa mstari upi.

— Wa tope. Chini ya kahawia. Nilitaka tukwangue kidogo mbele yake, nyumba hii na ile, auone mwenyewe.

Brashi akaweka kikombe chini. Akakumbuka msasa. Walisugua mpaka kwenye plasta, na yeye ndiye aliyesimamia akisema, sugueni vizuri, kisibaki kitu. Alitamani ardhi ipasuke, na isipopasuka, basi angalau ubao uanguke na yeye.

— Mwanangu, tumekuua, akasema.

— Hapana baba, usiseme hivyo. Mkisema ninyi kwa vinywa vyenu inatosha. Mkuu wa ofisi alitaka hilo tu, kwamba mseme. Mstari ulikuwa wa kuongezea. Akasimama, akajifuta uso, akajitahidi kutabasamu. Ngoja nimkimbilie kituoni, asipotee njia. Akija, mwambieni tu ukweli. Basi.

Akaondoka mbio. Akawaacha wanne wakitazamana.

— Huyu mtoto ana adabu mpaka inauma, akasema Birika. Angetutukana ningejisikia nafuu.

— Wazo lilikuwa la nani vile? akauliza Hakimu.

— Naomba lifutwe kwenye kumbukumbu, akasema Spika.

— Tufanye nini sasa? Brashi akauliza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Tufanye nini, jamani? Mtoto anarudia mwaka kwa sababu yetu!

Wakati huo mama mmoja wa makamo alikuwa amefika kwa upande wa pili, kutoka bondeni. Alikuwa na kitenge kiunoni, mabuti ya mpira, na mwavuli aliouegemea kama fimbo. Akaomba kahawa. Birika akampa bila kumtazama sawasawa, naye akakaa ncha ya ubao na kunywa kimya.

— Nina hoja, akasema Spika. Tuchore mstari mwingine! Udongo upo, maji yapo. Brashi anatia mkono tu.

— Udongo mbichi juu ya rangi mbichi? Brashi akasema. Hata mbuzi atajua.

— Basi tulete mafuriko.

— Tulete nini?

— Mafuriko madogo. Kila nyumba ndoo tano, tunazimwaga kwa pamoja mwalimu anapotokea. Aliye juu mngoje chini! Hakimu anaanza huku juu, maji yanamkuta Brashi kule chini.

— Mimi nitamwaga, lakini vitambaa vya wateja nitaviweka wapi?

— Juu ya dari, kama siku zote, Birika akasema.

— Au tumtoe Bibi nje, akaendelea Hakimu, alie. Mwalimu akiuliza mama unalilia nini, tunamwambia analilia maji.

— Mama yangu hajui kulia kwa kuagizwa, Brashi akasema kwa ukali.

— Au tuseme ukuta ulipakwa na malaika, akasema Spika.

— Malaika watumie rangi ya maji? akauliza Birika.

Yule mama akashusha kikombe. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza bei:

— Samahanini ndugu zangu. Maji yenyewe hufika wapi?

Na wote wanne, bila kutazamana, kwa pamoja, kwa kasi ya watoto wanaotoa shikamoo, wakajibu:

— Maji gani? Hapa pakavu!

— Pakavu kabisa, Spika akaongezea. Tangu enzi za mababu.

— Aaa, akasema yule mama. Akanywa kidogo. Basi nilisikia vibaya.

— Ulisikia vibaya, akathibitisha Hakimu, na kesi ikafungwa.

Hapo ndipo Mwanafunzi aliporudi anakimbia, jasho linamtoka. Akafunga breki mbele ya kijiwe, akapiga goti kidogo.

— Shikamoo mwalimu! Nimekusubiri kituoni kumbe umeshafika!

— Marahaba mwanangu. Nilishuka mapema, nikapanda kwa kule chini niuone mtaro kwanza.

Birika aliendelea kumimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Spika alitazama mawingu. Brashi akasikia baridi, kisha joto, kisha vyote viwili. Suti iko wapi? Tai iko wapi? Na ulimi huu, ulimi huu mbaya, nani aliutuma?

— Mwalimu, akaanza Mwanafunzi, hawa ndio baba zangu niliokuambia.

— Tumeshaonana, akasema mwalimu. Wameniambia hapa pakavu.

Mwanafunzi aliwatazama tu, akashika kamba ya mkoba wake kwa mikono miwili. Mwalimu naye hakukasirika. Aliinuka taratibu kutoka kwenye ubao akawakabili vizuri, mabuti yamejaa tope la mtaroni.

— Sasa mnanijua mimi ni nani, na mimi nawajua. Nawauliza tena. Maji hufika wapi?

Swali gani rahisi kama hilo? Hata kuku wa mtaa huu wangelijibu. Lakini Spika aliinama akatazama ndani ya kikombe chake, na mkono wake, ule wa kugonga ubao, ameukalia. Brashi alifungua mdomo, na kilichokuwa tayari kutoka ni lile "maji gani" la zamani, limekaa mlangoni linasubiri. Akaufunga. Akamtazama Mwanafunzi. Mtoto wa watu, hana nyumba hapa, hana ndugu hapa, amesimama anauma mdomo asilie mbele ya mwalimu wake. Na aliwanyamazia siri yao mpaka wakamruhusu wenyewe, wakati kuisema mapema kungemrahisishia kazi.

Brashi akasimama. Hakuaga, na Hakimu akaenda chini pamoja na ubao, lakini hakuna aliyecheka. Aliuteremka mtaa wake, na wote wakamfuata, mpaka nyumba ya mwisho. Bibi alikuwa amekaa dirishani kama kawaida yake. Brashi akanyoosha mkono kuelekea ukutani.

— We Brashi, rangi mbichi! Birika akapiga kelele.

— Naijua. Nimeipaka mwenyewe.

Akabandika kiganja kifuani pa ukuta, akakandamiza. Alipoutoa, vidole vyote vitano vilibaki pale.

— Hapa, akasema. Maji yanafika hapa, mwalimu. Wale wa kwanza tuliwadanganya kwa sababu tuliogopa. Huyu binti hakudanganya. Huyu binti tunamshukuru, na kama kuna karatasi ya kushukuru naomba nitie sahihi.

Hakimu alishageuka. Mzee mwenye kitambi aliupanda mlima ule mbio akiwa ameshikilia kiuno, akafika dukani kwake, akainama magotini kwa mguno uliosikika hadi bondeni, akaubandika mkono.

— Kwangu hapa! Magotini! Na liandikwe!

Milango ikaanza kufunguka. Mama mmoja akatoka na mtoto ubavuni, akatazama juu, akatazama chini, akaelewa. Akaweka mkono wake. Jirani yake naye. Brashi alisikia kazi yake ya siku tatu ikiharibika nyumba hadi nyumba, na hakuwahi kufurahi hivyo kuharibiwa kazi.

Nyumba ya katikati ilibaki na ukuta safi. Ni ile ambamo Spika amepanga chumba. Alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma.

— Wakija na tingatinga? akauliza, bila kumtazama mtu.

— Hawaji, mzee wangu, Mwanafunzi akasema. Imepitishwa.

— Niliambiwa hivyo hata kule.

— Wakija, Brashi akamwambia, utalala kwangu.

— Kwako kuna maji.

— Basi tutalowa pamoja, ndugu yangu. Weka mkono.

Spika akautoa mkono nyuma, akautazama, akauweka ukutani usawa wa kiuno. Hakuuondoa upesi.

Mwalimu alirudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara. Kutoka pale aliona vizuri: mtaa unateremka, lakini vile viganja haviteremki. Vimesimama kwenye mstari mmoja ulionyooka, toka magoti ya Hakimu hadi kifua cha Brashi. Mwanafunzi alikuwa analia sasa, wala hakujificha.

— Umefanya kazi, mwanangu, mwalimu akamwambia. Nitamwandikia mkuu wenu leo. Na hapa nitakuja naye mwenyewe, rangi ikiwa imekauka.

— Ahsante mwalimu.

— Washukuru hawa.

— Hapana, hapana! akadakia Brashi. Sisi ndio wa kushukuru. Wewe mtoto, sisi hatuna cha kukulipa, na hata rangi tuliyokupa ilikuwa nusura ikuponze. Mungu akupe zaidi ya ulichotupa.

Mwalimu alivuka tena barabara akasimama mbele ya ukuta wa Brashi. Alikuwa mfupi, kile kiganja kilimfika shingoni. Akapeleka mkono wake kwenye shingo yake, kisha akamtazama Bibi pale dirishani, miguu yake imefunikwa kwa khanga.

— Usiku yalipofika hapa, akauliza, huyu mama asiyetembea alilala wapi?

Birika alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama Spika. Usiku ule kila mtu alikuwa kwake akiokoa watu wake na vitu vyake, na kulipokucha hakuna aliyetaka kuuzungumzia. Walikaa ubao mmoja miaka yote hiyo, wakabishana juu ya mawimbi na mawingu, na hawakuwahi kumuuliza mwenzao jambo hilo.

— Mgongoni, akasema Brashi.

— Mgongoni pa nani?

— Pangu. Nilipanda juu ya kitanda nikambeba, mpaka maji yalipopungua.

Birika alivua kofia yake akaishika tu.

— Andika na hilo, mjukuu wangu, Bibi akamwambia Mwanafunzi kutoka dirishani. Alinibeba, na ninamshukuru kila siku. Lakini andika kwamba mgongo wake nao umezeeka.

Mwanafunzi akafuta macho kwa kiganja, akatoa kalamu, akaandika.